Siku ya Kuzaliwa ya Mfungwa: Wembley 1988 na Bei ya Kuonekana

Jumamosi ya tarehe 11 Juni 1988 nilikuwa kijana wa sekondari mjini Morogoro. Siku hiyo, katika uwanja wa Wembley jijini London, watu wapatao 72,000 walikusanyika tangu mchana hadi usiku kusikiliza muziki kwa heshima ya Nelson Mandela, ambaye mwezi uliofuata angetimiza miaka 70. Matangazo yalirushwa katika nchi 67, na watazamaji walikadiriwa kufikia milioni 600. Mimi sikuona hata sekunde moja. Jirani zangu nao hawakuona. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja, na tungesubiri hadi 1994 ndipo vituo binafsi vianze kurusha matangazo.

Hali hiyo ilikuwa na kinaya chake. Nje kidogo ya mji wetu palikuwa na Mazimbu, ardhi ambayo serikali ya Tanzania iliipatia ANC baada ya maasi ya Soweto ya 1976. Hapo vijana waliokimbia Afrika Kusini walisoma katika shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mwenzao aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Tulikutana nao sokoni na kwenye viwanja vya mpira. Hatukuhitaji mwanamuziki yeyote wa Ulaya atufundishe jina la Mandela. Lakini siku ambayo dunia ilikaa mbele ya runinga kumsherehekea, sisi tuliowahifadhi wenzake hatukuwa na runinga ya kukaa mbele yake.

Nililikumbuka hilo muhula uliopita, nilipoonyesha darasani sehemu ya kumbukumbu ya tamasha lile. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mtu yuko gerezani mwaka wa ishirini na sita, ndiyo mnamfanyia bethidei?" Darasa zima likacheka. Nilimjibu kwa haraka kwamba ile ilikuwa mbinu. Jibu hilo halikumtosha, na nilipofika nyumbani niligundua kwamba hata mimi halikunitosha. Makala haya ni jaribio la kumjibu inavyostahili.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mwaka 1988 Mandela alikuwa katika gereza la Pollsmoor, alikohamishiwa mwaka 1982 kutoka kisiwa cha Robben. Sheria za Makaburu zilikataza kuchapisha picha yake na kunukuu maneno yake. Watu wengi waliolitaja jina lake hawakujua sura yake ya uzeeni ikoje. Huko Uingereza, Waziri Mkuu Margaret Thatcher alikuwa amesimama mbele ya waandishi wa habari mjini Vancouver, Oktoba 1987, wakati wa mkutano wa Jumuiya ya Madola, akaifananisha ANC na vyama vya kigaidi. Alikuwa pia mpinzani mkubwa wa vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Afrika Kusini. Huko Marekani, Mandela na wenzake wa ANC waliendelea kuwekwa katika orodha za tahadhari za serikali kwa miaka mingi hata baada ya uhuru. Jina lake liliondolewa mwaka 2008, akikaribia kutimiza miaka 90.

Makaburu wenyewe walielewa vizuri nguvu ya runinga. Nchi yao ilikuwa tajiri kuliko nyingine zote barani, lakini haikuwa na televisheni hadi Januari 1976, kwa sababu mawaziri wao waliogopa yale ambayo picha za ng'ambo zingewafundisha watu. Tanzania Bara nayo ilichelewa, lakini kwa hoja nyingine: kwamba televisheni ni anasa ya wachache wa mijini, ilhali redio humfikia mkulima kijijini. Ni kupitia Redio Tanzania ndipo sauti ya ANC ilipovuka mipaka kurudi nyumbani kwao. Serikali mbili ziliichelewesha runinga, moja kwa kuuhofia usawa na nyingine kwa kuutafuta.

Katika mazingira hayo, kundi dogo la watu jijini London lilikuwa na wazo la tamasha. Mwanamuziki Jerry Dammers alikuwa ametunga mwaka 1984 wimbo uliodai wazi Mandela aachiliwe, na baadaye akaanzisha umoja wa wasanii wanaopinga ubaguzi wa rangi. Mtayarishaji Tony Hollingsworth alitaka kwenda mbali zaidi: tamasha litakalotangazwa moja kwa moja duniani kote. Walishirikiana na vuguvugu la Uingereza la kupinga ubaguzi wa rangi, ambalo rais wake alikuwa Askofu Mkuu Trevor Huddleston.

Jina la Huddleston halipaswi kupita hivi hivi mbele ya msomaji wa Kitanzania. Huyu ndiye padri Mwingereza aliyeishi Sophiatown, Johannesburg, akashuhudia watu wakihamishwa kwa nguvu, akaandika kitabu kilichoiaibisha serikali ya Makaburu. Huyu ndiye aliyempatia mvulana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza. Na huyu ndiye aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, akaushuhudia uhuru wa Tanganyika akiwa kule kusini, karibu na mto Ruvuma. Ukitazama kwa makini, tamasha la Wembley lilikuwa na vumbi la Masasi katika viatu vyake, ingawa hakuna kamera iliyolionyesha.

Sasa turudi kwenye swali la bethidei. Hollingsworth alijua kwamba mashirika ya utangazaji yasingetoa saa nyingi kwa mkutano wa kisiasa. Yalikuwa yakimtaja Mandela katika habari kama kiongozi wa kundi la kigaidi. Yangewezaje kumpa siku nzima? Njia aliyoiona ni kuliita tukio sherehe ya kuzaliwa, kuwaweka mbele wanamuziki wakubwa ambao kila kituo kingewataka, na kuwazuia wanasiasa wasilipande jukwaa kuhutubia. Ujumbe ubebwe na nyimbo, na maneno mafupi ya wasanii wenyewe. Ndani ya vuguvugu mpango huo ulizua mvutano mkubwa. Wanaharakati waliokuwa wamesimama kwenye baridi kwa miaka mingi wakidai vikwazo walijiuliza kama sasa wanaombwa kuimba tu. Je, neno "vikwazo" litawekwa wapi kwenye keki?

Naomba wanafunzi wangu wasiuone mvutano huo kama ugomvi wa watu wasiokuwa na kazi. Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Kamera haiji bure. Kila anayeikaribisha hulipa, na malipo yenyewe huwa ni sehemu fulani ya maneno yake. Waandaaji wa Wembley walilipa kwa jina la tukio na kwa ukimya wa wanasiasa. Swali la kihistoria ni kama walichokipata kililingana na walichokitoa.

Shirika la BBC lilikubali kurusha tamasha kwa takribani saa kumi na moja. Wabunge kadhaa wa chama cha Conservative walikasirika, wakawasilisha bungeni hoja ya kulilaumu shirika hilo kwa kulipa nafasi vuguvugu waliloliona kuwa linaisaidia ANC. Hasira yao ni ushahidi kwamba jina la bethidei halikumdanganya kila mtu. Walijua keki ile imepikwa kwa unga gani.

Harry Belafonte alifungua siku kwa hotuba, kisha Sting akaanza kuimba. Belafonte hakuwa mgeni katika jambo hili. Miaka ya 1960 alimshika mkono Miriam Makeba aliyepokonywa pasipoti na Makaburu, wakarekodi pamoja albamu iliyoubeba hata wimbo wetu wa "Malaika" na kupata tuzo ya Grammy. Makeba naye alikuwepo Wembley pamoja na Masekela, wote wawili wakiwa bado uhamishoni. Walikuwepo pia Youssou N'Dour wa Senegal, Salif Keita wa Mali, na Mahlathini pamoja na Mahotella Queens kutoka Afrika Kusini yenyewe. Peter Gabriel aliimba wimbo wake wa kumkumbuka Steve Biko, aliyefariki mikononi mwa polisi mnamo Septemba 1977. Kwa maneno mengine, siasa iliyofungiwa mlango katika orodha ya wazungumzaji iliingia kwa dirisha la orodha ya nyimbo.

Tukio linalokumbukwa kuliko yote halikuwa katika ratiba. Stevie Wonder alipaswa kupanda jukwaani. Mwaka 1985 alikuwa ameipokea tuzo yake ya Oscar kwa jina la Mandela, na shirika la utangazaji la Makaburu likaupiga marufuku muziki wake. Kuwepo kwake Wembley kulikuwa jambo kubwa. Lakini dakika chache kabla ya zamu yake iligundulika kwamba diski ya kompyuta iliyohifadhi sehemu ya muziki wake haipo. Aliona hawezi kuimba bila hiyo, akaondoka kuelekea nje huku akilia. Matangazo yalikuwa mubashara. Jukwaa lilikuwa tupu na dunia ilikuwa inatazama.

Waandaaji walimgeukia msichana mmoja Mmarekani, Tracy Chapman, mwenye umri wa miaka 24. Albamu yake ya kwanza ilikuwa na miezi miwili tu tangu itolewe. Alikwisha kuimba mchana, watu wengi wakiwa bado hawajamjua. Sasa alirudishwa wakati ambao umati ulikuwa unamsubiri nyota mwingine. Alipanda peke yake, na gitaa moja, bila bendi. Aliimba "Fast Car", wimbo wa umaskini na ndoto za kutoroka, kisha "Across the Lines", wimbo wa mji wa Marekani uliogawanyika kwa misingi ya rangi. Ukitazama kumbukumbu utaona uwanja mzima ukinyamaza polepole. Katika muda wa wiki chache albamu yake ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, na baadaye Marekani. Stevie Wonder mwenyewe alirudi baadaye usiku ule, akaimba.

Wengi husimulia kisa hicho kama hadithi ya bahati ya msanii. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Bidhaa iliyouzwa kwa vituo vya televisheni ilikuwa majina makubwa, taa na mitambo. Mitambo iliposhindwa, aliyebaki kusimama alikuwa mwanamke mweusi mwenye gitaa, akiwaambia watazamaji wa nchi 67 kwamba mpaka wa rangi haupo Johannesburg peke yake. Hakuna kikao cha waandaaji ambacho kingempa zamu hiyo kwa makusudi. Ubora wa matangazo ya moja kwa moja ni huo: kuna dakika ambazo mwenye kamera hazimilikiki kwake.

Huko Marekani, mtandao wa Fox ulikuwa na udhibiti ambao BBC haikuwa nao. Haukurusha siku nzima. Ulionyesha toleo lililofupishwa, likiwa na jina jipya, Freedomfest, yaani sikukuu ya uhuru, bila kusema uhuru wa nani. Maneno mengi ya kisiasa yaliyosemwa na wasanii kati ya nyimbo yalikatwa. Wasanii waliokuwepo, akiwemo Steven Van Zandt ambaye miaka mitatu kabla aliongoza kampeni ya wanamuziki kuususia ukumbi wa Sun City, walilalamika hadharani. Mwingereza na Mmarekani walitazama tamasha moja, lakini mmoja aliona mfungwa anadaiwa na dunia, na mwingine aliona zaidi muziki mzuri wa kiangazi. Tofauti ilikuwa mkononi mwa mhariri.

Kipimo kingine cha tamasha hili ni lile lililolitangulia katika uwanja ule ule. Tarehe 13 Julai 1985, Live Aid ilifanyika Wembley na Philadelphia kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia. Dakika ishirini hivi za kundi la Queen siku ile, Freddie Mercury akiuongoza uwanja mzima kupiga makofi, hutajwa hadi leo miongoni mwa maonyesho bora kuwahi kurushwa. Sibezi. Mercury mwenyewe alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, na ukweli huo unatugusa. Lakini Afrika ya Live Aid ilikuwa tumbo lenye njaa. Wanamuziki waliokuwa wakiishi na kufanya kazi barani Afrika karibu hawakuonekana, na kilichoombwa kwa mtazamaji kilikuwa sarafu. Hakuombwa aulize kuhusu vita, kuhusu serikali, wala kuhusu mfumo wa dunia. Mwaka 1988 Mwafrika alisimama jukwaani akiimba, na kilichoombwa kwa mtazamaji kilikuwa msimamo. Tusidhani hata hivyo kwamba somo lile lilidumu. Mwaka 2005, katika matamasha ya Live 8 yaliyohusu madeni ya Afrika, wasanii wengi wa Kiafrika walipangiwa jukwaa lao pembeni huko Cornwall, mbali na jukwaa kuu la London.

Je, tamasha lilimfungua Mandela? Hapana, na ni dharau kusema hivyo. Makaburu walilazimishwa na vijana wa Soweto, na vyama vya wafanyakazi, na harakati za mitaani za miaka ya 1980, na benki zilizokataa kuongeza muda wa mikopo mwaka 1985, na vita vya Angola vilivyowashinda kuvimaliza. Katika mwaka huo huo wa 1988, Afrika Kusini, Angola na Cuba walikuwa katika mazungumzo yaliyoishia kwa mkataba wa Desemba na kuifungulia Namibia njia ya uhuru. Walilazimishwa pia na nchi za mstari wa mbele zilizolipa kwa mabomu na uchumi wao. Kilichofanywa na muziki ni kidogo zaidi lakini si bure. Uliwafanya mamilioni ya watu wa kawaida katika nchi za wakubwa wamwone mfungwa yule kama mzee wa familia fulani, na baada ya hapo ikawa kazi ngumu zaidi kwa serikali zao kumwita gaidi.

Ninapofika hapa ndipo ninapoweza kumjibu mwanafunzi wangu. Jina la bethidei lilihalalishwa na kilichofuata. Kesho yake tu, tarehe 12 Juni, wanaharakati 25, mmoja kwa kila mwaka aliokaa Mandela gerezani, walianza kutembea kwa miguu kutoka Glasgow kuelekea London. Walitembea wiki tano, mji kwa mji, wakiyasema yale ambayo runinga haikuyabeba, hadi Hyde Park tarehe 17 Julai, mkesha wa siku ya kuzaliwa yenyewe, ambako Askofu Desmond Tutu alihutubia. Maelfu ya watu walioguswa na nyimbo walikuta milango ya vuguvugu iko wazi na kuna karatasi ya kujiandikisha. Kama pasingekuwa na vuguvugu, Wembley ingebaki kuwa Jumamosi nzuri.

Na jambo moja zaidi. Tarehe 16 Aprili 1990, wiki tisa baada ya kuachiliwa, Mandela mwenyewe alipanda jukwaa la uwanja ule ule. Umati ulimshangilia kwa dakika kadhaa kabla hajaruhusiwa kuanza. Kisha akahutubia kwa kirefu, mbele ya kamera, akiomba vikwazo visiondolewe. Neno lililowekwa kando mwaka 1988 lilirudi miaka miwili baadaye kwa mdomo wa mwenye haki ya kulisema.

Kwa hiyo, kwa wanaharakati mnaosoma hapa, na kwa watumishi wa umma mnaokaa kwenye kamati za sherehe na kampeni, ambako orodha ya wasanii huandaliwa kabla ya ujumbe: kuna siku mtalazimika kubadilisha jina la jambo lenu ili kituo kilikubali. Sina haki ya kuwaambia msifanye hivyo. Ila kabla ya kutia saini, andikeni kwenye karatasi neno mnaloliweka kando, nani atalisema, na siku gani. Kama hamna jibu, basi mmeliuza. Mbinu na usaliti huanza kwa sentensi moja.

Bado lipo deni ambalo Wembley haikulilipa, nalo ni letu kulidai kwa kalamu zetu. Masasi haikuonekana, Mazimbu haikuonekana, wala wanakijiji waliopokea wageni bila kuulizwa na mwandishi yeyote. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya wapigania uhuru waliofia ugenini yapo pale pale. Baada ya somo lile niliwapeleka wanafunzi wangu. Yule aliyeuliza swali alitembea kutoka kaburi hadi kaburi akisoma tarehe za kuzaliwa kwa sauti ya chini, akihesabu umri wa kila mmoja. Wengi wao hawakuwa wamemzidi yeye kwa miaka mingi.